Somo: Kuujua udongo wako kabla ya kuuongezea chochote

Wafinyanzi wengi, chombo kikipasuka, hukimbilia kuongeza kitu kwenye udongo. Nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu, nikapoteza kazi nyingi, kwa sababu sikujua kwamba kila kiongezi kina moto wake. Feldispa (unga wa mawe unaoyeyuka motoni na kuushikamanisha udongo) kwenye moto wa 900°C ni kama mchanga tu. Kazi yake huanza inapoyeyuka, kuanzia kama 1,150°C. Kwa hiyo tupime kwanza.

Hatua ya 1. Kausha udongo, uponde, uchekeche. Gawa mafungu matatu ya kilo moja kwa uzito mkavu: udongo mtupu, udongo g 800 na vigae vilivyosagwa g 200, udongo g 900 na feldispa g 100.

Hatua ya 2. Kanda, tengeneza vibao, na kwenye kila kimoja chora mstari wa sm 10 kingali kibichi. Andika jina la mchanganyiko kwa ncha ya msumari (karatasi itaungua). Anika kivulini ukivigeuzageuza. Mstari ukibaki sm 9.3, udongo umesinyaa 7%.

Hatua ya 3. Choma, na hapa usiwe na haraka. Hadi 120°C unatoa maji yaliyobaki. Ukikimbiza moto, mvuke utakirarua kibao. Kati ya 450°C na 600°C kaolini (madini ya udongo mweupe) hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe, na kuanzia hapo udongo haurudi kuwa tope hata uuloweke mwezi mzima. Katikati ya safari hiyo, kwenye 573°C, kwatzi (madini magumu ya mchanga) hubadilika umbo na kutanuka ghafla. Wakati wa kupoa hunywea palepale. Vyombo vingi hupasukia kwenye kupoa, mwenyewe akidhani kazi imekwisha. Shika ufa huo kwa kidole: kingo zake ni kali kama za kioo kilichovunjika.

Hatua ya 4. Pima mstari tena. Kisha pima uzito wa kibao kikavu, kichemshe saa kadhaa, kifute, upime tena. Kikitoka g 200 hadi g 224, kinanyonya 12%.

Sasa linganisha. Kibao cha vigae kitakuwa kimesinyaa kidogo kuliko vyote wakati wa kukauka, maana vigae vimeshapita motoni na havinywei tena. Gharama yake ni udongo mgumu kufinyanga. Kibao cha feldispa kikinyonya sawasawa na kile kitupu, moto wako haujafika pa kuiyeyusha feldispa. Usiongeze feldispa, ongeza moto, ikiwa udongo wenyewe unaustahimili.

Maswali ya wanachama

*Mchanga hauwezi kushika nafasi ya vigae?*
Kwa kupunguza kusinyaa, unaweza. Lakini mchanga mwingi ni kwatzi, kwa hiyo unaongeza lile tatizo la 573°C. Mimi nasaga vigae.

*Vyombo vyangu vilitoka vizima, baada ya siku chache vikaanza kubanduka vidoa, katikati kuna punje nyeupe. Nimekosea moto?*
Ndugu yangu, hiyo ni chokaa. Mawe ya chokaa yakichomwa hugeuka chokaa hai. Ikinyonya unyevu wa hewani inavimba na kusukuma udongo nje. Chekecha kwa chekecheo laini zaidi. Punje ikiwa ndogo sana haina nguvu ya kubandua kitu.

*Rangi yangu ya kioo (ule unga uliochanganywa na maji, unaopakwa chombo na kuwa kioo motoni) ina kaolini nyingi, inajikunja ikikauka na kuacha mapengo. Niipunguze kaolini?*
Usiipunguze, mapishi yataharibika. Chukua karibu nusu yake, uichome peke yake kwenye bakuli hadi kama 700°C, kisha uirudishe. Haitasinyaa tena wakati wa kukauka. Ila angalia mizani: kaolini ikichomwa hupoteza takriban 14% ya uzito, kwa hiyo penye g 100 za mbichi weka g 86 za iliyochomwa. Nusu nyingine iache mbichi, ndiyo inayozuia unga usitue chini ya ndoo.