Kufungua simu, tivi na waya mbovu hapa Lamu bila kuchoma wala kutia asidi

Vijana wengi hapa Lamu waniuliza hii kazi ya vifaa vibovu yaanza vipi, na karibu kila mmoja swali lake la pili ni dhahabu yatolewaje. Hebu niwajibu wote mara moja. Dhahabu imo, ni kweli, lakini haitoki kwa jiko la makaa nyuma ya nyumba, na pesa ya huku kwetu iko kwenye kufungua vizuri, kupanga vizuri na kuuza kwa uzito. Kazi yetu inaishia kwenye bodi, lile bamba la ndani lenye vipande vya umeme. Ukilishika hilo hata mengine ukiyasahau hutajidhuru wewe wala jirani yako.

Piga hesabu mwenyewe. Simu moja ina kama gramu 0.03 za dhahabu, yaani upate gramu moja wataka simu 30 na kitu, na hapo ni kama umeitoa yote bila kupoteza hata chembe, na nyumbani haitoki yote. Wajapani walipotaka medali za Olimpiki ya Tokyo zitoke kwa vifaa vibovu walikusanya nchi nzima kuanzia 2017 mpaka 2019, wakapata karibu tani 79,000 za vifaa vidogo na ndani yake simu milioni 6 na zaidi, na dhahabu iliyotoka ni kilo 32. Nchi nzima, na viwanda vyao vyote vile. Sasa wewe na ndoo yako ya asidi wategemea nini?

HATUA YA 1: MAHALI PA KAZI

Naanza na mahali kabla ya mzigo manake hapa ndo watu wanapopuuza. Maji ya mji huu yatoka kwenye michanga ya Shela, mvua inaingia mchangani inakaa chini juu ya maji ya chumvi, ndo tunachota. Mchanga hauchuji sumu. Risasi (ile ledi ya ndani ya betri) au asidi ukiimwaga chini leo haiendi popote ila kwenye maji, na visima vya mitaani navyo ni vifupi, viko hapo hapo ukutani. Kwa hivyo tafuta chumba au banda lenye sakafu ya simiti na paa lisilovuja, mbali na kisima, mbali na jikoni, na watoto wasipite pite. Sakafu ikiwa na nyufa tandika turubai zito. Usifanyie kazi barazani.

Vifaa: bisibisi za kawaida na zile ndogo za nyota za simu, plaisi, koleo, kisu kikali, nyundo, sumaku, mita ya umeme, mizani ya kuning'iniza, glavu ngumu, miwani, barakoa (kitambaa cha kawaida hakizuii vumbi la ndani ya tivi), na ndoo mbili za mchanga mkavu. Mchanga usiwe wa pwani wenye unyevu, uanike kwanza.

HATUA YA 2: KUKUSANYA

Anza na wale ambao vitu vishawajalia mpaka hawana pa kuweka. Mafundi wa simu wana magunia ya bodi chini ya meza. Mahoteli na nyumba za wageni wana friji, feni, pampu na rimoti. Shule na maofisi wana kompyuta za mezani na printa. Mabaharia na wavuvi wana redio. Na usisahau visiwani, Pate, Faza, Kizingitini, huko taa na betri za sola zilizokufa ziko kila nyumba.

Majumbani ndo pagumu na si sababu ya bei. Mwanamke hakupi simu yenye picha za harusi, picha alizopigwa ndani na wenziwe bila buibui, hata simu iwe imekufa kabisa, na ana haki. Mimi naona njia ni mbili. Simu ikiwaka afute mwenyewe kila kitu mbele yako, atoe na memori kadi abaki nayo. Isipowaka, iambie nyumba utaifungua hapo hapo na chipu ya kuhifadhi picha utaivunja mbele yao, uivunje kweli, hata kama bodi itapungua thamani kidogo. Hadidiski za kompyuta toboa au pinda sahani zake. Na mtafute dada wa kushirikiana naye, yeye ndo aingie majumbani, wewe kaa nje na mkokoteni au punda. Mji ukikuamini kwa hili mzigo unakuja wenyewe mlangoni, ukivuja picha moja tu biashara imekufa na heshima yako pia.

Kila unachopokea andika kwenye daftari: tarehe, kitu gani, kimetoka kwa nani, kilo ngapi. Hii si urembo. Kuna sheria ya vyuma chakavu ya 2015, ukinunua na kuuza wataka leseni, na Januari 2022 biashara yote ya vyuma chakavu ilisimamishwa nchi nzima kwa muda baada ya milingoti ya stima kuharibiwa na Kenya nzima kuingia giza. Ukipatikana na gunia la shaba huna karatasi utaitwa mwizi wa waya. Ya mazingira nayo uliza ofisi ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, kabla hujaanza kujaza banda.

HATUA YA 3: KINACHOFUFUKA USIKIVUNJE

Kabla ya bisibisi, jaribu. Skrini nzima ya simu, kamera, chaja, RAM ya laptopu, pawasaplai, mota ya feni, hivi fundi anakununulia kama speya na bei yake ni kubwa mara nyingi kuliko madini yaliyo ndani. Madini ndo ya mwisho, baada ya matumizi yote kwisha.

HATUA YA 4: BETRI ZITOKE KWANZA

Kila kitu chenye betri, toa betri kabla ya lingine lolote. Za simu na laptopu ni lithiamu, na hizo zikitobolewa au zikigusana ncha zinashika moto wenyewe bila kuwashwa. Usiivute kwa bisibisi yenye ncha, tumia kipande cha plastiki, nenda polepole. Iliyovimba ishike kwa glavu, usiibonyeze, izike peke yake ndani ya mchanga mkavu kwenye debe la chuma, mbali na zingine. Nzima ziba ncha zake kwa teipu ya umeme moja moja, kisha zipange kwenye mchanga. Usizitupe majini, chumvi inazila, na usizirundike juani.

Betri za gari, za mashine na za sola kubwa ni za risasi na asidi, na hapa nataka tusimame kidogo. Nawajua watu wanaozivunja wakayeyusha risasi ya chubwi za nyavu. Risasi yayeyuka kwenye nyuzijoto 327 tu, sufuria na kuni zatosha, ndo maana yaonekana kazi rahisi, lakini vumbi lake na moshi wake vinaingia kwenye damu ya mtoto anayecheza pale na vinaharibu akili yake, na dawa ya kuirudisha akili hakuna. Si hadithi za mbali. Mtaa wa Owino Uhuru pale Mombasa kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuanzia 2007, watoto wakapatikana na risasi mwilini, akiwemo wa Phyllis Omido aliyekuwa mfanyakazi humo, akapigana mpaka kikafungwa 2014, na 2020 mahakama ikaamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikavutana tena mpaka Mahakama ya Juu 2024. Wale walikuwa jirani wa kiwanda, wewe utakuwa jirani wa sufuria. Betri ya risasi iache nzima, wima, asidi yake ndani, juu ya besini la plastiki, iuzwe hivyo hivyo. Chubwi nunua zilizo tayari.

HATUA YA 5: KUFUNGUA

Chomoa, kisha ngoja. Vifaa vingine vinabaki na umeme hata havijaunganishwa.

Simu na kompyuta ni rahisi. Skurubu zote, kava, bodi itoke nzima. Kwenye kompyuta ya mezani toa madabodi, RAM, prosesa, hadidiski, kile kipande cha alumini cha kupozea, waya, na boksi la chuma linabaki. Usizing'oe vipande vidogo vidogo kwenye bodi, mnunuzi akiona bodi imechunwa anakata bei.

Maikrowevu: kapasita yake inashika umeme wa kuua, volti elfu mbili na zaidi. Kama hujafundishwa na fundi kuiondoa umeme, usifungue kabisa. Na ndani kuna kidude chenye shingo ya kauri, hiyo kauri usiipasue, kuna zenye vumbi la sumu mbaya ya mapafu.

Tivi za kisogo, zile nene za zamani, ndo watu wanazivunja sana kwa sababu ya ile shaba iliyozungushwa shingoni. Msivunje jamani. Kile kioo kina risasi, na ndani hakuna hewa, kikipasuka vipande vinaruka, na ule unga mweupe wa ndani ya skrini ni wa kuvuta ukajuta. Shaba yenyewe ni kidogo mno. Peleka nzima. Flati za zamani nazo zina vitaa vyembamba vya zebaki nyuma ya kioo, kwa hivyo paneli iache bila kuivunja, toa bodi na fremu tu.

Friji: kompresa ina shaba ndani (zingine alumini) lakini pia ina gesi na mafuta. Soma kibandiko cha nyuma, kama ni R600a gesi hiyo inawaka moto, na za zamani zenye R12 zinaharibu anga. Muite fundi wa friji avute gesi kwenye mtungi, ndo ukate mabomba. Kukata ukaacha ifyuu hewani, hapana.

HATUA YA 6: KUPANGA

Hapa ndo mshahara wako ulipo. Gunia lililochanganywa linanunuliwa kwa bei ya kile cha chini kabisa kilichomo ndani. Anza na sumaku: kinachonasa ni chuma, weka kando. Kisichonasa kikwangue kwa kisu. Nyekundu mpaka ndani ni shaba, ya manjano ni brasi, nyeupe nyepesi ni alumini. Angalia sana waya za siku hizi, nyingi nje ni nyekundu na ndani nyeupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, ukiichanganya na shaba halisi mnunuzi ataishusha yote.

Bodi zipange kwa aina. Za simu peke yake, RAM na prosesa peke yake, hizi ndo za juu. Madabodi na laptopu za pili. Bodi za kahawia za tivi, redio na pawasaplai ni za chini, zina shaba na bati kidogo tu, usizitie na za kijani.

HATUA YA 7: WAYA

Kisu, ubao, msumari. Pigilia kisu kwenye ubao makali yakitazama juu, vuta waya juu yake, ganda linapasuka. Glavu mkononi. Nyembamba mno zisizochunika ziuze na ganda lake, zina mnunuzi wake. Kuchoma ni hasara mbili: lile ganda ni la PVC, likiungua latoa moshi wa sumu ya dioksini ambao unatua kwenye nguo, kwenye samaki walioanikwa, kwenye maziwa ya mama, na shaba yenyewe inatoka nyeusi, mnunuzi anaiweka daraja la pili. Shaba inayong'aa ndo ya bei.

HATUA YA 8: BODI ZINAENDA WAPI

Wako wanaoonesha kwa video zao kuwa asidi za nitriki na haidrokloriki zatoa dhahabu. Zatoa, na zatoa pia moshi wa kahawia unaochoma mapafu, na masaa baadaye mtu anaweza kushindwa kupumua, alafu ile asidi iliyobaki na shaba na risasi ndani yake utaimwaga wapi kisiwani? Kiwanda kama cha Umicore kule Hoboken, Ubelgiji, wanayeyusha bodi kwenye tanuru kubwa lenye vichujio vya moshi, shaba iliyoyeyuka inakusanya dhahabu, fedha na paladiamu, kisha wanatenganisha moja moja kwa umeme na kemikali. Kwa njia hiyo bodi moja inatoa madini mengi, ile ya ndoo inatafuta dhahabu tu na mengine yote inayageuza uchafu.

Sisi tunamuuzia aliye na leseni anayezifikisha huko. Nairobi kuna WEEE Centre, kituo cha kuchakata vifaa vibovu vya umeme, wanapokea na wanakupa karatasi, na Mombasa kuna wanunuzi, uliza wawili watatu na umuombe kila mmoja leseni ya NEMA akuoneshe. Anayekwepa kuonesha, achana naye.

HATUA YA 9: KUWEKA NA KUSAFIRISHA

Hewa yetu ya chumvi inaila bodi, baada ya muda yaota kutu ya kijani na thamani inapungua. Tia kwenye madramu ya plastiki yenye mfuniko, si magunia wazi. Andika juu kilichomo.

Mzigo unatoka kwa punda mpaka gatini, kwa boti mpaka Mokowe, kisha lori. Mwambie nahodha wazi kuwa kuna betri, zikae peke yake kwenye debe lenye mchanga, zisipandishwe na abiria wala karibu na petroli. Usingoje kusi ikipiga sana ndo ubebe madramu mazito, yapeleke bahari ikiwa shwari. Pima wewe kwanza nyumbani, kila dramu, andika, upige picha mizani, kisha pima tena mbele ya mnunuzi. Karatasi atakayokupa ibandike kwenye daftari ukurasa ule ule wa mzigo huo, ndo uanze kujaza dramu lingine.