Kuandika Filamu ya Uhalifu wa Nyikani Ukiwa Dodoma

Mwandishi anayevutiwa na filamu nzito za uhalifu za nyika za baridi za kaskazini mwa dunia asianze kwa kubuni mauaji ya kutisha, bali ajiulize kwanza ardhi anayoiandikia huficha nini, na huficha kwa muda gani. Insomnia, filamu ya Norway ya mwaka 1997, ilimweka mpelelezi mahali ambapo jua la kiangazi halizami, akakosa usingizi hadi akili ikavurugika. Ilipotengenezwa upya mwaka 2002 ilihamishiwa Alaska, ambako mwanga huo wa usiku upo pia. Dodoma, iliyo takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, haina mwanga huo, kwa hiyo usiuazime.

Tofauti kubwa zaidi imo katika mwili wa marehemu. Baridi kali huugandisha na kuuhifadhi, hata ikawa vigumu kukadiria saa ya kifo. Katika vichaka vya Itigi, magharibi mwa Dodoma, joto la Oktoba huuharibu kwa siku chache, na fisi hutawanya kinachobaki. Hii ndiyo nguvu ya hadithi yako, nayo iendeshe kila tukio: mrina asali anaukuta mwili, anatembea hadi kwa mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti anatafuta mahali penye mtandao, gari la polisi linatoka wilayani likiwa limechelewa. Usiziruke hatua hizo, kwa maana ndani yake ushahidi unapotea bila mtu yeyote kuugusa.

Chagua msimu mmoja uushikilie. Ukichagua Januari, korongo lililokuwa kavu asubuhi laweza kujaa jioni kwa mvua iliyonyesha mbali, likafuta nyayo na kuwaacha askari ng'ambo.

Mpelelezi atokaye mjini mpe mwenyeji anayeisoma ardhi, na mrina asali anafaa sana, ila usimgeuze mganga; ushirikina ukiwa jibu la fumbo, upelelezi wote unakuwa bure. Mpelelezi kijana huyo aanze kwa "Shikamoo, mzee" kabla ya swali lolote, kisha akutane na ukimya wa watu ambao kumtaja muuaji kwao ni kumtaja mtoto wa shangazi.

Mswada ukikamilika, wasomee mrina asali na askari mstaafu, kila mmoja kwa wakati wake, na urekebishe wanapokukatiza kabla hujakodi kamera.