Kabla hujazika kidonge cha kwanza mchangani

Anayeishi karibu na Ziwa Victoria anayajua magugu maji: leo kishada kimoja ufukweni, baada ya wiki chache ghuba nzima imefunikwa. Mmea ule hauhitaji kushika tope. Mizizi yake huning'inia na kula kilichoyeyuka majini. Sasa mtu mwenye picha hiyo kichwani akiingia duka la samaki Kampala, akanunua kriptokorini, mmea wa kupandwa ndani ya tangi la samaki, kisha akaimiminia mbolea ya maji kila siku ili nayo ikimbie, atakachovuna ni mwani. Kriptokorini hutoa jani moja na kutulia, na chakula chake kikubwa hukitafuta chini ya mchanga. Ndiyo maana kazi nyingi ya kuilisha hufanywa kabla tangi halijajazwa maji.

Jua kwanza mmea wako unakula wapi. Kriptokorini, ambazo nyingi asili yake ni Asia, na ule mmea wa Amerika Kusini uitwao upanga wa Amazoni, hula zaidi kwa mizizi. Anubiasi, ya huku kwetu Afrika Magharibi na ya Kati, nayo hukua polepole lakini si ya kuzikwa: lile shina lake nene linalotambaa likifunikwa mchanga huoza. Ifunge kwa uzi kwenye jiwe au gogo, na kidonge cha mbolea usiinunulie. Hiyo ndiyo inayotosheka na matone machache ya mbolea ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Halafu mchanga. Wa ziwani unafaa ukioshwa hadi maji yatoke safi, ila uondoe makombe ya konokono, kwa kuwa ni chokaa. Kokoto zipime kwa siki au ndimu: zikitoa povu, ziache. Mawe ya chokaa ya Tororo yanafaa kwa saruji, lakini tangini hupandisha pH, yaani hupunguza uasidi wa maji, na pH ikipanda mmea hupata shida kukipata chuma. Kina cha sentimita sita hadi nane kinatosha. Ukizidisha sana, chini hukosa hewa kabisa na siku utakapokoroga utasikia harufu ya mayai viza.

Tatizo la mchanga mtupu ni kwamba haushiki chakula. Hapa sisi wa Uganda tuna bahati ambayo wengine huinunua kwenye pakiti. Wekundu wa udongo tunaokanyaga kila siku ni kutu, yaani chuma. Kutu ikiwa juu ya ardhi haiyeyuki, lakini ikizikwa mahali penye oksijeni kidogo hugeuka chuma kinachoyeyuka, na mzizi hukinywa. Mfinyanzi nao hushika potasiamu na amonia visitorokee majini. Chimba nusu mita kwenda chini, mbali na barabara na shamba lililopigwa dawa, uondoe mizizi na majani, ukande, ufinyange vidonge vya ukubwa wa gololi, uvianike kivulini hadi vikauke kabisa, kisha uvizike mchangani. Kisichokauka vizuri hupasuka na kugeuza tangi lote chai ya maziwa.

Kishawishi ni kuchanganya humo mbolea ya shambani. Niliwahi kutia punje chache za DAP kwenye vidonge vyangu, nikijiambia kwamba kinachokuza mahindi hakiwezi kushindwa na majani matano. DAP ina amonia. Samaki mmoja alipofukua usiku, asubuhi nilikuta watano wanaelea. Yurea nayo iache dukani. Kama udongo peke yake hautoshi, nunua vidonge vilivyotengenezwa kwa ajili ya mimea ya tangi.

Na huyo mfukuaji, mfikirie mapema. Nkejje, wale samaki wadogo wa ziwani, na ngege, yaani perege, huchimba mchanga, hasa wakati wa kuzaliana. Ukiwafuga, zungushia kila shina mawe bapa, la sivyo kila ulichozika kitarudi juu. Hesabu pia idadi yao: kinyesi na mabaki ya chakula huleta naitrojeni na fosforasi za kutosha, kwa hiyo tangi lenye samaki wengi kwa kawaida hupungukiwa potasiamu na chuma. Majani ya zamani yakitoboka vitundu vidogo, shuku potasiamu. Jani jipya likitoka la njano huku mishipa yake imebaki kijani, shuku chuma.

Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima klorini iondoke. Taa kuwaka kwa muda wa saa nane kwa siku kunatosha, na tangi lisikae dirishani. Jua letu la Ikweta hulisha mwani kabla ya mmea. Usiende kung'oa mimea ziwani ili kuokoa pesa. Inaweza kukuletea konokono wa kichocho, na mikono utakayoingiza tangini ni yako.

Siku ya kupanda, usiweke mbolea yoyote zaidi ya udongo uliokwisha kuuzika. Kriptokorini iliyohamishwa mara nyingi huyeyusha majani yake yote ndani ya siku chache, na mtu hudhani ina njaa. Haina, inazoea maji mapya. Kata yaliyooza, mizizi usiiguse. Inaweza kuchukua wiki tatu au nne kabla ya jani jipya kuchomoza, na hapo ndipo kidonge cha kwanza cha dukani huzikwa: kimoja kwa kriptokorini, viwili au vitatu kwa upanga mkubwa, sentimita tano chini na karibu na mizizi. Kisukume kwa kibanio kirefu, na unapotoa kibanio bana tundu kwa kidole ili kisivuje. Chomeka kijiti cha meno mahali hapo, andika tarehe kwenye daftari, na usirudie kabla ya miezi miwili au mitatu, hata kama mkono unakuwasha.