Jinsi ya kuziba bagi (makosa) za memori kwenye kodi (code) ya butiloda inayosoma diski

Wakuu, mtu akishaweka saini ya kidijitali kwenye keneli (moyo wa mfumo endeshi) anajiona kamaliza, hakuna wa kumwingilia. Sasa cheki vizuri, hiyo keneli ni faili, faili lipo ndani ya ext4 au squashfs (mifumo ya kupanga mafaili kwenye diski), na butiloda, ile programu ya mwanzo inayopakia keneli, lazima iipekue hiyo ext4 kwanza ndo ilipate faili ikague saini, kwa hiyo supabloku (maelezo ya diski nzima), inodi (maelezo ya kila faili), majina ya folda, vyote vinasomwa kabla saini haijaguswa. Namba zote humo kaandika aliyeshika SD kadi. Na huko chini hamna keneli ya kukukingia, kodi ikiandika nje ya bafa (kipande cha memori ilichotengewa) inaandika kweli, hata juu ya yenyewe.

Nachukua U-Boot, butiloda ya bodi ndogo, maana toleo la 2025.01 liliziba bagi kadhaa za aina hii kwa mpigo na ni shule nzuri sana. Tuanze na CVE-2024-57256 (CVE ni namba ya usajili wa bagi ya usalama), iko `ext4fs_read_symlink`, fankisheni inayosoma simlinki, yaani faili linaloelekeza kwa faili lingine:

`symlink = zalloc(le32_to_cpu(diro->inode.size) + 1);`

Mstari mmoja tu, na ukiupitia haraka hauoni kitu. zalloc inaomba memori na kuijaza sifuri. Hiyo +1 ni nafasi ya sifuri ya mwisho wa maandishi. Ila size inatoka kwenye diski na ni ya biti 32, mtu akiandika 0xffffffff ukajumlisha moja unapata 0, zalloc inakupa kipande kidogo kabisa, halafu mistari michache mbele kodi inaambiwa isome baiti 4294967295 izimwage humo humo. Na usijidanganye eti bodi yangu ni ya biti 64, jumlisho linafanyika kwenye biti 32 kabla jibu halijageuzwa kuwa size_t (aina ya namba ya kubeba saizi), kwa hiyo umeumia vilevile.

Kabla hujagusa kodi, izalishe bagi kwanza kwa mkono wako. Chukua U-Boot v2024.10, halafu tengeneza diski mbovu:

```
mkdir d
ln -s $(printf 'a%.0s' $(seq 100)) d/kiungo
truncate -s 16M diski.img
mkfs.ext4 -d d diski.img
debugfs -w -R "sif /kiungo size 0xffffffff" diski.img
```

Herufi 100 nimeweka makusudi, simlinki fupi chini ya baiti 60 ext4 inaiweka ndani ya inodi yenyewe, sisi tunataka yenye bloku yake. Huhitaji bodi wala kebo ya serial, jenga `sandbox_defconfig`, U-Boot inakuwa programu ya kawaida kwenye Linux yako. Washa CONFIG_VALGRIND, kwa sababu U-Boot ina malloc (kigawa memori) yake na bila hiyo Valgrind, programu ya kunasa makosa ya memori, haielewi kipande kipi ni cha nani. Iendeshe ndani ya Valgrind kisha uiandikie U-Boot:

```
host bind 0 diski.img
ext4load host 0:0 1000 /kiungo
```

Ukishaiona inalipuka, sasa ndo urekebishe:

```
size_t n;
if (__builtin_add_overflow(le32_to_cpu(diro->inode.size), 1, &n))
        return NULL;
symlink = zalloc(n);
```

Kwenye biti 32 inashtuka inatoka. Kwenye biti 64 hesabu inatoka sahihi, 4294967296, zalloc inaombwa GB 4 ambazo hipu (memori inayogawiwa na malloc) haina, inarudisha NULL. Safi, ila hapo umeiamini malloc, na CVE-2024-57258 ni malloc hiyohiyo ikikosea hesabu ikiombwa saizi kubwa kupita kiasi! Ndo maana mimi ningeongeza dari pia: ext4 simlinki haizidi bloku moja, ikizidi ikatae palepale, huna haja ya kubembeleza diski ya uongo. Na ile ya kuandika `if (x + 1 < x)` iache, x ikiwa ya alama (signed, inayokubali hasi), kompaila ina ruhusa kuifuta na hutajua.

Baada ya hapo pitia kila malloc na zalloc yenye + au * ndani yake, jiulize namba imetoka wapi. Kuzidisha tumia `__builtin_mul_overflow`, na usikimbilie calloc kwa mazoea, fungua kwanza `common/dlmalloc.c` uone kama inakagua. Kwenye GRUB, butiloda nyingine, kazi imerahisishwa, kuna `safemath.h` yenye grub_add na grub_mul, na grub-fstest inakusomea diski ukiwa Linux.

Sio zote ni za kufurika (namba kuzidi biti zake) lakini. Squashfs ilikuwa na moja (CVE-2024-57259) ambapo urefu wa njia ya faili ulihesabiwa bila ile alama ya / katikati, baiti moja tu, hipu ikaharibika. Nyingine, CVE-2024-57257, simlinki inaelekeza simlinki inaelekeza simlinki mpaka staki (memori ya fankisheni zinazoitana) inaisha. Hapo dawa ni kuhesabu hatua na kugoma, ext4 yenyewe ilikuwa inagoma ikifika 8 tangu zamani, squashfs ikasahaulika.

Ukimaliza, patchi moja kwa bagi moja, usichanganye na kusafisha nafasi na tabu, anayekagua atakuchukia. Na tengeneza diski ya pili nzima isiyo na hila, simlinki ndefu inayoelekea faili la kweli, ext4load yake lazima ipite kama jana, maana kodi inayokataa kila kitu nayo haifurishi chochote ila bodi haiwaki.