Umemaliza diploma ya interior design, yaani ubunifu wa ndani ya nyumba, na uko Mbeya, unaanzaje?

Usikae ndani unasubiri ofisi ikupigie simu. Anza na fundi. Nenda Mwanjelwa tafuta seremala anayekubalika, mwambie utamshikia hata futi miezi miwili, maana chuoni tunachora vizuri kwenye kompyuta ila hatufundishwi kwamba mbao ya paini ya Mafinga ukiitengenezea mlango wa kabati ikiwa bado mbichi inapinda, halafu mteja anakupigia wewe sio fundi.

Kazi ya kwanza iwe ndogo, sebule ya shangazi inatosha, piga picha kabla na baada, mchana, pazia wazi.

Na pima kila kitu mwenyewe jamani. Mimi nilipima sebule vizuri kabisa nikasahau mlango, sofa ya watu watatu ikalala kibarazani siku mbili na ile baridi ya Julai, aibu mpaka leo.

Hela sasa. Chukua advansi kabla hujanunua hata msumari, na hela ya ubunifu iandike peke yake usiifiche kwenye bei ya mbao. TIN, ile namba ya mlipakodi, chukua TRA mapema, jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao tu, huna haja ya kupanda basi kwenda Dar.