Somo: Kumtafuta bibi aliyeletwa Bagamoyo akiwa mtoto mateka

Wengi mnaoniandikia mnaanza na neno lilelile: "Bibi yetu aliletwa." Aliletwa na nani, hamsemi. Nami niliambiwa hivyohivyo hapa Bagamoyo na shangazi yangu, aliyekuwa akipepeta mchele. Nilipouliza zaidi, akaweka ungo chini na kuniuliza kama nimeshakunywa chai.

Somo hili ni la mwenye mzee wa ukoo aliyetekwa au kuuzwa utotoni katika karne ya 19, akaishia pwani. Kanuni yangu ni moja: usimfuate kwa jina, mfuate kwa mikono aliyopitia. Mtoto wa namna hiyo alibadilishwa jina mara mbili, hata tatu. Akina Mabruki, Feruzi na Faraji walikuwa wengi mno pwani hii, na majina hayo waliyapata njiani au kwa mabwana zao. Lakini kila aliyemshika, awe tajiri wa msafara, bwana, padri au aliyemwoza, huenda aliacha alama mahali.

Hatua ya 1: Wazee

Usiulize "alikuwa mtumwa?" Mlango utafungwa na hautafunguliwa tena. Uliza nani alimlea, nani alimwoza, kazikwa makaburi ya nani. Hilo la nani alimwoza ndilo lenye siri kubwa. Kwa sheria ya Kiislamu, mwanamke aliyeachwa huru, asipokuwa na ndugu wa kiume wa nasaba, walii wake, yaani msimamizi wa nikahi yake, ni yule aliyemwacha huru, na huyo anaweza hata kumrithi. Kwa hiyo mzee akikumbuka kwamba "fulani ndiye aliyesimamia nikahi", umeshakaribia nyumba alikolelewa. Kama alikuwa suria, uangalifu uzidi: watoto aliomzalia bwana walizaliwa huru na kufuata ukoo wa baba. Ndiyo maana bibi kama huyo hupotea kabisa katika nasaba inayosomwa kwenye hitima.

Andika na mwili wake. Chale, meno yaliyochongwa, tundu la ndonya mdomoni, nyimbo za kubembeleza watoto ambazo si za Kiswahili. Shangazi hakutaka kusema, lakini siku moja alitandaza unga kwenye sinia akachora kwa kidole: mistari mitatu kutoka pembe ya jicho kwenda sikioni. Nikapiga picha ile sinia. Mpaka leo sijamtajia mtu kabila lolote kwa mistari ile, na nawasihi nanyi msikimbilie. Picha moja ya kwenye intaneti si ushahidi.

Hatua ya 2: Miaka

Bibi zetu hawakuwa na tarehe, walikuwa na matukio. Kimbunga cha Aprili 1872 kilichobomoa majengo ya misheni ya Bagamoyo. Njaa ya 1884, watu wa bara ya karibu walipoweka watoto rehani ili wapate chakula. Vita vya Abushiri, 1888 hadi 1889. Sotoka iliyomaliza ng'ombe na funza walioingia miguuni, yote miaka ya 1890. Uliza: Wadachi, yaani Wajerumani, walipopiga mizinga, alikuwa ameshavunja ungo? Kwetu jibu lilikuwa "bado", na kwa neno hilo moja nikafuta nusu ya karatasi zangu.

Mwaka una kazi nyingine. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kuwasafirisha baharini. Aliyeletwa kabla ya hapo huenda alipita sokoni. Baada ya hapo wengi walitembezwa nchi kavu kutoka Kilwa kuja kaskazini, na biashara ikawa ya kunong'ona.

Hatua ya 3: Misheni

Mapadri wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Horner, walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Walikomboa watoto kwa kuwanunua, na wengine walipewa baada ya kukamatwa majahazini. Kama ukoo wenu ni wa Kikatoliki, au ulikuwa zamani, anzeni na vitabu vya ubatizo. Mwombeni paroko kwa adabu, nendeni na miaka mkononi, si na hadithi. Vimeandikwa Kilatini. Mkikuta neno "circiter" mbele ya umri, maana yake ni "takriban": padri alimtazama mtoto akakisia. Hata kabila ni la kupima. "Mnyasa" aliweza kuwa yeyote aliyetokea pande za Ziwa Nyasa.

Hapa nikiri kosa langu. Nilimfuata Maria mmoja karibu miaka miwili, nikamchorea na mti wa ukoo, kumbe alikufa mdogo kabla bibi yetu hajazaa. Maria walikuwa tele. Tangu siku hiyo, kabla ya kufurahia ubatizo, natafuta kwanza kitabu cha vifo.

Barua na kumbukumbu za mapadri wenyewe ziko Chevilly-Larue, karibu na Paris, kwa Kifaransa. Msianze huko.

Hatua ya 4: Boma la Wadachi

Wajerumani hawakufuta utumwa, waliupunguza kwa makaratasi. Amri ya 1901 ilimpa mtumwa nafasi ya kujikomboa kwa fedha, na ya 1904 ikasema watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Aliyeachwa huru alipewa hati, Freibrief kwa lugha yao. Itafuteni kwanza nyumbani: ndani ya Msahafu wa zamani, chini ya sanduku la kanga. Mafaili ya enzi hiyo yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mwandiko wake wa mkono unawashinda hata Wajerumani wa leo. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Hatua ya 5: Ng'ambo ya maji

Kama mnasikia habari za manowari, nendeni Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, mkatazame karatasi za ubalozi wa Uingereza. Manowari ya Kiingereza iliyoitwa London ilitia nanga Unguja karibu miaka kumi, kuanzia 1874, mashua zake zikivizia majahazi ya watumwa.

Maswali ya wanachama

Muheza: Shikamoo mwalimu. Babu mzaa babu alifundisha Magila, lakini wazee wanasema "alitokea Unguja". Sisi si Waunguja.

Marahaba, mwanangu. Magila ilikuwa ya misheni ya Kiingereza ya UMCA, na walimu wake kadhaa walisomea Kiungani, Unguja, shule iliyolea wavulana waliookolewa majahazini. Anza na vitabu vya kanisa hapo kwenu. Karatasi za misheni yenyewe ziko maktaba ya Bodleian, Oxford.

Bagamoyo: Tunaitwa Wamanyema. Basi asili yetu ni Kongo na tulitekwa?

Kongo, huenda. Kutekwa, usikate shauri. Wapo waliokuja na pembe mabegani kwa ujira, wakiwa waungwana kabisa, si watumwa. Msafara ulibeba wa kila namna. Rudi kwenye swali la nani alimwoza.

Pangani: Kipimo cha vinasaba hakitamaliza kazi?

Mama wa bibi yako amekuachia takriban sehemu moja ya nane ya vinasaba vyako, na kipimo hukulinganisha na waliopima tu. Watu wa Nyasa na Manyema waliopima ni wachache. Kama yeye ni mama wa mama wa mama yako, kipimo cha upande wa mama kina faida zaidi. Tanzania ina sheria ya vinasaba ya 2009, msimamizi wake Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo ulizeni kabla ya kutuma mate yenu nje.

Tanga mjini: Baba mkubwa amekasirika, anasema nawavua nguo. Nifanyeje?

Acha kwa sasa, wala usimtume mtu mwingine akamuulize. Endelea na vitabu, na usiandike jina la ukoo mahali popote watu wanaposoma. Shangazi yangu alinyamaza zaidi ya mwaka tangu ile sinia ya unga. Kisha Ijumaa moja akanipigia simu yeye mwenyewe, hata salamu hakutoa vizuri. "Andika," akasema, akanitajia aliyesimamia nikahi.