Maboya ya ndege yaandaliwe kabla bati halijafungwa
Wewe unayejiundia ndege hapa Dodoma ukiwaza kutua Bwawa la Mtera siku moja: funga vishikizo vya maboya, yaani vielea vya chini ya ndege vya kutulia majini, kwenye kiunzi sasa, tumbo likiwa bado wazi. Ukisubiri, utang'oa ribiti, vile vipini vya kubana bati, moja moja, kazi ya kuumiza roho. Fuata michoro ya mbunifu, usikisie pa kutoboa. Kila kipande cha alumini kipakwe praima ya epoksi, rangi ya msingi ya kuzuia kutu, ndani, hasa mabati yanapolaliana. Ukame wetu unaficha kutu, maji hayafichi. Halafu uzito. Maboya yenye magurudumu, ya kutua majini na nchi kavu, ni mazito, na Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi na joto la mchana hupunguza nguvu ya injini. Chagua injini ukilijua hilo.